Nani Atanisuka?

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu kipenzi,

Halafu ile habari ya pazia sikuimalizia, maana siku ile ulikata simu ndiyo kwanza nafika penyewe. Basi nilikuwa nimepanda juu ya kiti, nimenyoosha mikono, mara mume wangu huyo anaingia na mkoba wake wa vifaa. Akanitazama weee, akasema, "Mke wangu, shuka, watu wasije wakasema nimeoa popo." Akapanda yeye. Akalitundika pazia, likapinda. Tumeliacha hivyohivyo. Kila asubuhi jua linapita kwenye ile pembe iliyopinda, linampiga puani, nami nakaa namtazama mtu na pua yake yenye jua mpaka chai inapoa.

Lakini ngoja nikusalimie kwanza, mama asije akasema ndoa imenitoa adabu. Hujambo? Mama hajambo? Mgongo wake na kile kiti cha cherehani vimepatana? Sisi huku tu wazima, wazima mpaka tunatia aibu. Mtu anatengeneza mafriji ya watu tangu asubuhi hadi jioni, lakini nakuapia moyo wake haujawahi kuganda. Na mimi nimepata kazi! Steshenari, mtaa wa pili kutoka kwetu. Natoa kopi, nachapisha, nauza kalamu, na mashine ya kuvisha karatasi nailoni nimeshaijua kama nimezaliwa nayo.

Mama ananiambia simu yako umeifungia kwenye mkebe wake wa vifungo ili usome kwa utulivu. Hongera, mdogo wangu! Umenishinda mimi. Basi tuandikiane kwa kalamu, kama wapenzi wa zamani. Barua zetu zitapanda basi ndani ya vifurushi vya nguo za wateja wa mama wa huku.

Ila unakosa uhondo. Ile video ya siku yangu ya harusi, pale mlangoni uliponing'ang'ania gauni, uso wote machozi na kamasi, unalia, "Sasa mimi nani atanisuka?" Jamani! Shemeji yako alirekodi yote. Nimeiweka mtandaoni, nimeandika chini yake: Hivi ndivyo ninavyopendwa. Watu wanaitazama hatari. Halafu nimekata uso wako nikatengeneza stika. Mawifi zangu wote wanaitumia. Gesi ikimkatikia mmoja katikati ya mapishi, anakutuma wewe. Kila nikikuona nakukumbuka.

Niandikie haraka.

Dada yako mwenye pazia lililopinda


Tarehe 11 Mei

Dada,

Shikamoo. Shemeji pia nampa shikamoo na pua yake. Mimi sijambo. Mama hajambo, mgongo unamsumbua kidogo akishona mashuka, lakini ukimwambia apumzike anauliza kama shuka litajishona lenyewe.

Nimefurahi kwa kazi yako. Chumba chetu kimekuwa kikubwa. Kitanda chako mama amekijaza vitambaa, ukikitazama kutoka mlangoni unadhani kuna mtu amelala. Juzi nilikisalimia.

Nywele nimesukwa na mama. Mikono yake imezoea kuvuta lastiki za sketi, alinivuta hadi nyusi zikapanda. Siku mbili nilionekana kama mtu anayeshangaa.

Dada, ile video bado ipo? Kama haikusumbui, naomba uitoe. Na ile stika pia, waambie mawifi. Shuleni wanaisema sana. Si kitu, ila ningependa uitoe.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako


Tarehe 15 Mei

Mdogo wangu wa pekee,

Hamjambo huko? Sisi hatujambo, ila mimi nina mafua ya furaha, nayaita hivyo kwa sababu shemeji yako ananichemshia maji ya kujifukizia na kunifunika shuka kichwani, kisha anaingiza kichwa chake humohumo, tunatoka wote tumelowa kama maandazi ndani ya chai. Nikipona nitaumwa tena makusudi.

Niitoe? Wewe! Unajua waliotazama wamefika wangapi? Laki mbili na zaidi! Laki mbili wanaojua kwamba mimi nina mdogo anayenipenda kiasi kile. Wanakusema shuleni kwa wivu tu, wangapi kati yao uso wao unajulikana? Wewe sasa ni nyota, mdogo wangu, na nyota haioni haya kung'aa.

Sikiliza kioja cha dukani. Wameingia wasichana watatu wa sare, wa shule ya huku kwetu, wanataka kuchapisha picha, nyingi, ndogondogo, arobaini kwenye karatasi chache. Mmoja ananipa simu, naangalia, ni wewe! Uso wako, na chini yake wameandika "Nani atanisuka?" Nikapiga kelele, "Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja!" Wakatazamana, wakacheka mpaka wakashikana. Nimewachapia vizuri kabisa, wino wa rangi.

Na maoni ya watu! Kuna mmoja anajiita Bibi Kamasi, huyo anapaswa kulipiwa tiketi. Ameandika, "Pua hii ingefungiwa bomba, mtaa mzima ungeoga." Nilicheka kwa sauti hadi shemeji yako akaja mbio na bisibisi akidhani nimenaswa na umeme. Nikampa Bibi Kamasi emoji tatu za kucheka.

Nimekuwekea zawadi kwenye kifurushi. Nimeikuza picha yako, nikaivisha nailoni nzito, haitalowa wala kuchanika. Ibandike juu ya meza yako ya kusomea, ukichoka ujione unavyojua kupenda.

Dada yako mwenye mafua ya furaha


Tarehe 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimepokea kifurushi. Asante kwa picha.

Sisi hatujambo. Samahani nimechelewa kujibu.

Nimenyoa nywele. Zote. Mama hakuniona, nilichukua mkasi wake, halafu nikaenda kinyozi kusawazisha. Sasa hakuna haja ya kusukwa.

Wasalimie wote.

Mdogo wako


Tarehe 6 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Nauliza kweli, usinijibu kama unavyomjibu jirani.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nywele zile? Nywele nilizozitunza tangu una miaka minne, tangu ulipokuwa unasinzia kati ya magoti yangu kabla sijafika nusu ya kichwa? Nimempigia mama. Nimemwomba akupe simu, anasema umetikisa kichwa. Anasema simu yoyote ikielekezwa usoni kwako unainama. Anasema unavaa barakoa shuleni, unavaa hadi uani ukianika nguo, na sahani yako inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Alidhani ni mtihani. Akanikemea, "Wewe ndiye unayeandikiana naye kila siku, hujui?"

Jana yule msichana wa sare amerudi dukani, mmoja, bila wenzake. Anataka arobaini nyingine. Nikamuuliza zile za kwanza ziko wapi. Akasema, "Dada, kwani hujui? Mtu akilia darasani tunambandika mgongoni." Nikamuuliza, "Halafu anafanyaje?" Akasema, "Anaacha kulia."

Akasema hivyo tu, huku anachagua rangi ya kalamu.

Sikumchapia. Nilifunga mlango wa duka saa nane mchana, nikakaa chini nyuma ya mashine, nikasoma maoni yote. Mimi siku zote nilikuwa nasoma yale ya juu tu, ya mawifi na marafiki, yenye maua na mioyo. Sikuwahi kushuka chini. Nimeshuka sasa. Mdogo wangu, watu wale hawakujui. Wameiandika pua yako, meno yako, wamekufananisha na vitu ambavyo siwezi kuviandika kwenye karatasi. Na nyumba yetu inaonekana nyuma yako, na mlango wa mama, na kibao chake cha ushonaji.

Nimeifuta video. Nimeifuta mbele ya shemeji yako, tumeshikilia simu wote wawili. Lakini wengi walikwisha kuichukua wakaikata vipandevipande, na huko sina mkono.

Uliniomba tarehe kumi na moja Mei. Uliandika "naomba" mara moja na "ningependa" mara moja, nimehesabu. Nami nikakuandikia habari za nyota.

Niambie yote. Usinihurumie.

Dada


Tarehe 13 Juni

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Kifurushi cha mama kimefika leo. Nimepekua kila nguo, nimegeuza mifuko ya suruali za watu, nimeingiza mkono hadi kwenye bitana la koti la mteja. Hakuna barua.

Mama anasema upo, unakwenda shule, unarudi. Namuuliza anakula? Anasema, anakunywa chai. Namuuliza anaongea? Anasema, ukimuuliza anajibu. Sipendi majibu hayo. Shemeji yako ameacha kutania, na unajua yeye hutania hadi kwenye mazishi. Jioni anakaa anazungusha bisibisi mezani.

Mstari mmoja unanitosha. Hata ukiandika "nimekukasirikia", nitaubusu.

Dada


Tarehe 16 Juni

Dada,

Shikamoo. Sijakukasirikia. Nilijaribu, nikashindwa, hilo nalo likaniudhi.

Nitakuambia yote lakini usinikatize, najua hata ukisoma barua huwa unakatiza.

Simu haikukaa kwenye mkebe. Siku za mwanzo nilikuwa naitoa mara ishirini kwa siku, mama akienda sokoni au akipima mteja. Nilivipanga vifungo juu yake kwa namna moja, vyeupe upande huu, vya koti upande ule, ili asijue. Nilikuwa naangalia watu wamesema nini tangu nilipoangalia mara ya mwisho. Nilikuwa sitaki kusoma. Vidole vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Nikisoma kumi mabaya natafuta moja zuri, nikilipata silisadiki, naendelea kutafuta.

Mwanzoni nilijitetea. Nilifungua akaunti ya jina jingine nikawa nawajibu, huyu ni mtoto wa watu, alikuwa anamlilia dada yake. Wakanicheka na mimi. Siku moja nikiwa nimechoka nikaandika utani wangu mwenyewe, mbaya kuliko wao wote. Wakaupenda! Watu elfu tatu, Dada, kwa utani mmoja. Mara ya kwanza niliona nafuu, nikajiambia afadhali nijitukane mimi kabla yao, angalau mimi najua mahali panapouma. Nikaandika mwingine. Na mwingine. Ule wa bomba na mtaa kuoga, niliuandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako.

Bibi Kamasi ni mimi. Uliponipa zile emoji tatu, niliweka simu chini, nikatafuta mkasi.

Usilie sasa. Soma kwanza.

Mimi silii. Tangu siku ile ya harusi yako sijalia hata mara moja. Wiki iliyopita sindano ya cherehani ilinipita kwenye kidole, ikatokea upande wa pili, mama akapiga ukelele hadi wateja wakasimama. Mimi niliangalia tu kidole. Nilikuwa nafikiria, uso wangu uko vipi sasa hivi, kuna mtu ameshika simu? Nimejifunza kuutuliza uso. Nikiwa peke yangu pia nautuliza. Siku hizi nimeanza kusahau unavyokunjwa mtu akilia.

Ile picha ya nailoni nilitaka kuichana, haichaniki. Nilijaribu mkasi wa vitambaa, umeteleza. Nimeilaza chini ya godoro lako.

Sikukuambia kwa sababu barua zako zilikuwa na furaha hadi karatasi inanukia. Nilisema nivumilie, azoee ndoa kwanza. Na pia niliona haya, kwa sababu niliyoyasema pale mlangoni yalikuwa ya kweli. Nilikuwa simaanishi nywele.

Kuna kitu kimoja, usimwambie mama. Kuna siku natamani nisiwepo. Si kufa, Dada. Ni kama kutaka siku chache tu nisiwe na uso wowote. Lakini siku hizo zinaongezeka, naogopa.

Nywele zimefika nusu ya ukucha. Zinachoma nikilala.

Sijui nikuite au nisikuite. Nikikuona nitalia, na sijui kama bado naweza.

Mdogo wako


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu, mwanangu, roho yangu,

Hujambo? Mimi si mzima, na nakuambia hivyo ili nawe uache kuniandikia kwamba hujambo.

Kwanza, nimemwambia mama. Nimemwambia yote, hasa lile ulilonikataza. Nimelivunja neno lako na nitakuomba radhi kwa magoti, lakini siri ile ni nzito kwa wasichana wawili. Ndiyo maana alihamishia mto wake chumbani kwako jana, wala si kwa ajili ya joto la chumba chake kama alivyosema. Mama hajui kudanganya, alichagua sababu ya joto siku ya mvua. Mvumilie. Kila saa atakuletea chai.

Mshauri wa pale kituo cha afya mtamwona Jumanne. Nimeongea naye mwenyewe kwa simu. Ni mama mwenye sauti ya pole na anauliza swali kisha anangoja jibu hadi lifike. Nilimwuliza, je, mdogo wangu akikaa kimya? Akasema, "Atakaa kimya, nami nitakaa naye." Siku ikikuzidi kabla ya Jumanne, mwamshe mama. Mwamshe bila kufikiria mara mbili. Mkasi wa vitambaa amekwisha kuuondoa, usiutafute.

Pili, kosa ni langu, nataka uwe nalo kwa mwandiko wangu. Nilikuwa napenda kupendwa mbele za watu. Ulinililia mlangoni mimi peke yangu, nami nikachukua kilio chako nikakipeleka sokoni kukionyesha. Hata ulipoomba nikirudishe nikakuongezea nailoni. Na nilikucheka, mdogo wangu, kwa emoji tatu, bila kujua ni wewe unanipigia hodi. Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu.

Tatu, shemeji yako. Ameandika kwenye kundi la familia yao, mbele ya wazee: "Stika ya shemeji yangu ifutwe leo. Atakayeituma tena, friji lake likiharibika asinipigie." Kwa joto hili? Wamefuta wote. Shangazi yake mmoja alichelewa dakika tano, akapiga simu kabisa kuomba radhi. Najua mawifi si dunia nzima, kule nje itaendelea kuzunguka kwa muda na siwezi kukudanganya. Lakini mlango ilipotokea umefungwa.

Yule msichana wa sare nilimsubiri. Alikuja na wenzake wawili. Nilifikiri nitawafokea, nilikuwa nimejiandaa siku tatu, lakini niliwaambia tu jina lako ninalokuitia mimi nyumbani, na kwamba ulinyoa. Mdogo kati yao akainamisha kichwa, akafungua mkoba akanipa zilizobaki. Sita tu. Nimezipitisha kwenye mashine ya kukatia karatasi, nyembamba kama tambi. Ile iliyo chini ya godoro langu usihangaike nayo. Nitarudi nayo hapa, mashine yetu inakata kurasa mia mbili kwa mpigo mmoja, haitashindwa na nailoni niliyoiweka mimi.

Umesema hujui uniite au usiniite. Basi nimejiita mwenyewe. Mwenye duka anarudi safari tarehe ishirini na sita, siku hiyohiyo namkabidhi funguo na kupanda basi. Simu yangu nitamwachia mume wangu. Analia tayari, anasema atamtazama nani asubuhi, nimemwambia atazame pazia.

Nakuja na kitana. Najua hakuna cha kusuka, usinicheke. Tutavisogeza vitambaa vya mama, nitakaa kwenye kitanda changu, nawe utakaa sakafuni kati ya magoti yangu kama zamani, umenipa mgongo, ili nisikuone uso. Nitapitisha kitana kwenye hizo nusu ukucha zako, taratibu, kwa muda utakaotaka wewe. Ukilia, ni wewe na ukuta mnaojua. Ukinyamaza, tutanyamaza. Na siku utakayotaka nikuone, utageuka mwenyewe.

Kiache kile kitanda wazi upande wa dirishani. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuwa nimekaa hapo.

Dada yako, msusi wako